Umeajiri Mtu wa Kwanza: Namna ya Kulipa Mishahara Kisheria Tanzania Bara

Kila mwisho wa mwezi napigiwa simu za maswali yale yale. Mwenye saluni anauliza kama PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inamhusu, maana ana wasichana watatu tu. Mwenye karakana anasema wake ni vibarua, kwa hiyo mambo ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hayamgusi. Mwenye mgahawa alikubaliana na mpishi laki tano mkononi, sasa ameambiwa kuna makato na hajui ayatoe wapi. Nimeshika vitabu vya biashara ndogo hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na majibu ninayowapa watu hawa hayabadiliki. Nimeona niyaandike mara moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwajiri binafsi wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, hivyo usizihamishie huko hesabu za hapa.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, leseni, na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama umesajili kampuni au jina la biashara.
- Kwa kila mfanyakazi: namba ya NIDA, TIN yake, namba ya uanachama wa NSSF kama anayo, na akaunti ya benki.
- Mkataba wa maandishi uliosainiwa na pande zote mbili.
- Daftari la mahudhurio linaloonyesha saa ya kuingia na saa ya kutoka. Alama ya vema peke yake haitoshi, na utaona sababu katika hatua ya 4.
- Kompyuta yenye jedwali la hesabu. Kwa watu wasiozidi watano, kikokotoo na daftari la mistari vinatosha kabisa.

Usisubiri mwisho wa mwezi ndipo umuulize mtu namba yake ya NIDA. Iombe siku unayompa kazi.

Hatua ya 1: Jisajili kama mwajiri

Kuwa na TIN ya biashara hakukufanyi uwe mwajiri machoni pa serikali. Kuna milango minne ya kubisha.

TRA, Mamlaka ya Mapato: waambie una waajiriwa, wakufungulie PAYE, yaani kodi ya mshahara inayoitwa Lipa Kadri Unavyopata. NSSF: jisajili kama mwajiri, kisha uwaandikishe wafanyakazi wako. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: huu unamtibu na kumlipa fidia mfanyakazi anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini: wanasajili na kukagua mahali pa kazi.

Wa tano ni HESLB, Bodi ya Mikopo. Utahusiana nao pale tu utakapoajiri mtu aliyesoma kwa mkopo wao. Muulize siku ya kwanza. Sheria inakutaka uijulishe Bodi ndani ya siku 28 tangu umwajiri.

Kosa ninalokutana nalo kila wakati: "Nitajisajili nikifikisha watu kumi." Kumi ni idadi inayohusu SDL, tozo nyingine ya mwajiri tutakayoifikia baadaye. PAYE, NSSF na WCF zinaanza na mtu mmoja. Kipindi cha majaribio nacho hakimtoi mtu kwenye makato: akilipwa mshahara wa mwezi wa kwanza, makato ya mwezi wa kwanza yapo.

Hatua ya 2: Andika mkataba, na uandike mshahara ghafi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: jina na anwani, kazi anayofanya, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba, saa za kazi, na malipo yake pamoja na namna yanavyokokotolewa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Nakala moja ya kwake, moja ya kwako.

Hapa ndipo biashara nyingi ndogo zinapojifunga kitanzi. Mnakaa, mnaongea, mnashikana mikono kwa "laki tano mkononi". Mkishakubaliana hivyo, mfanyakazi ana haki ya kuamini atapokea 500,000 kamili, na makato yote yanakuangukia wewe. Tazama maana yake kwa tarakimu:

Ili mtu abaki na 500,000 baada ya NSSF na PAYE, mshahara wake ghafi, yaani kabla ya makato, unapaswa kuwa 577,778. NSSF yake ya 10% ni 57,778. Inabaki 520,000, ambayo kodi yake ni 20,000. Anaondoka na 500,000. Wewe juu ya hapo unaongeza NSSF ya mwajiri 57,778 na WCF 2,889. Mpishi wa laki tano amekugharimu 638,445.

Sisemi usimlipe hivyo. Kama biashara inabeba, mlipe. Ninachosema ni kwamba ijue namba hiyo kabla hujashika mkono wa mtu, na kwenye mkataba andika mshahara wa msingi na posho, kabla ya makato. Ukiandika ghafi, kodi ikipanda au ikishuka wewe na yeye mnajua nani anaguswa.

Hatua ya 3: Linganisha na kima cha chini cha sekta yako

Tanzania haina kima cha chini kimoja kwa watu wote. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inapanga viwango kwa sekta: kilimo, majumbani, hoteli, ulinzi binafsi, ujenzi, madini, usafirishaji, biashara na viwanda, shule binafsi na nyinginezo. Ndani ya sekta moja unaweza kukuta madaraja: mfanyakazi wa hoteli ya kitalii hafanani na wa mgahawa wa kawaida. Amri mpya ilitolewa 2025 ikaanza kutumika 1 Januari 2026, hivyo kama jedwali lako ni la Januari 2023, limepitwa.

Viwango vimeandikwa kwa saa, siku, wiki na mwezi. Kwa hiyo kibarua wa siku naye ana kima chake. Na kama tayari ulikuwa unamlipa mtu zaidi ya kima, Amri haikupi ruhusa ya kumshusha.

Hatua ya 4: Hesabu saa

Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, ovataimu, na kinahitaji makubaliano. Hata kwa makubaliano, ovataimu haizidi saa 50 katika wiki nne, na siku nzima pamoja na ovataimu haivuki saa 12. Meneja anayesimamia wengine kwa niaba yako hafungwi na vipimo hivi. Lakini kumpa mhudumu cheo cha "meneja wa zamu" wakati kazi yake ni kubeba sahani hakumfanyi awe meneja.

Kupata malipo ya saa moja, chukua mshahara wa msingi wa mwezi ugawe kwa 195. Namba hiyo inatoka kwenye sheria: saa 45 mara wiki 4.333. Kupata malipo ya siku, kwa anayefanya kazi siku sita, gawa kwa 26.

Kisha:

- Ovataimu: malipo ya saa mara 1.5.
- Siku ya mapumziko ya wiki, au sikukuu ya serikali: mara 2.
- Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: ongeza 5% kwa kila saa.

Walinzi na waokaji mikate ndio wanaopunjwa zaidi hapo kwenye usiku. Si kwa ubaya, naamini. Waajiri wengi hawajawahi kuisikia hiyo asilimia tano. Mlinzi anayekesha saa kumi kila usiku anaidai kila usiku.

Ndiyo maana daftari la vema halitoshi. Mfanyakazi akienda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akasema alikuwa anatoka saa tatu usiku, wewe ndiye unayeulizwa rekodi. Daftari likionyesha vema tupu, huna jibu.

Hatua ya 5: Kokotoa, na ufuate mpangilio huu

Mpangilio ukikosewa, kila namba inayofuata inakosewa. Tumchukue mpishi mwenye mshahara wa msingi 585,000, posho ya usafiri 125,000, na ovataimu ya saa 20.

1. Saa moja yake ni 585,000 ÷ 195 = 3,000. Ovataimu ni 4,500 kwa saa. Saa 20 ni 90,000.
2. Mshahara ghafi: 585,000 + 125,000 + 90,000 = 800,000.
3. NSSF ya mfanyakazi, 10% ya ghafi: 80,000.
4. Kiasi kinachotozwa kodi: 800,000 − 80,000 = 720,000.
5. PAYE kwa jedwali lililo hapa chini: 60,000.
6. Mkononi: 800,000 − 80,000 − 60,000 = 660,000.

Jedwali la PAYE la mwezi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021:

- Hadi 270,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 270,000 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya 520,000 hadi 760,000: 20,000 na 20% ya kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya 760,000 hadi 1,000,000: 68,000 na 25% ya kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 na 30% ya kinachozidi 1,000,000.

Mpishi wetu yuko ngazi ya tatu: 720,000 − 520,000 = 200,000; asilimia 20 yake ni 40,000; jumlisha 20,000, unapata 60,000.

Sasa angalia kosa linaloumiza mfanyakazi kimyakimya. Ukisahau kutoa NSSF kwanza, utamtoza kodi kwenye 800,000 nzima. Anaruka ngazi, kodi inakuwa 78,000. Umemkata 18,000 isiyo halali kila mwezi, 216,000 kwa mwaka. Nimeliona kosa hili kwenye jedwali ambalo mwajiri alipewa na rafiki, naye rafiki alipewa na mwingine. Jedwali la kuazima lijaribu kwa mfano huu wa mpishi kabla hujaliamini. Likikupa 60,000, sawa.

Kosa la pili: "Posho haina kodi." Posho ya nyumba, ya usafiri wa kila siku, ya simu, bonasi na ovataimu vyote vinaingia kwenye ghafi. Fedha ya kujikimu unayompa mtu uliyemtuma safari ya kikazi haiingii. Chakula unachowapa wafanyakazi wote palepale kazini, bila ubaguzi, nacho hakitozwi, jambo ambalo wenye migahawa hufurahi kulisikia.

Kama mpishi huyu ana deni la HESLB, unakata 15% ya mshahara wa msingi, yaani 87,750, baada ya kodi. Mkononi anabaki na 572,250. Deni hilo halipunguzi PAYE.

Upande wako wewe mwajiri, juu ya ule ghafi wa 800,000:

- NSSF ya mwajiri 10%: 80,000.
- WCF 0.5%: 4,000.
- SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, kama una wafanyakazi 10 au zaidi: 3.5%, yaani 28,000.

Bila SDL mpishi amekugharimu 884,000. Ukiwa na SDL, 912,000.

SDL inahitaji uangalifu wake. Ilikuwa 4% na ikashushwa hadi 3.5% Julai 2023. Inatozwa kwenye mishahara ghafi ya watu wote, si ya yule wa kumi peke yake. Biashara yenye jumla ya mishahara ghafi 5,000,000 inapofika mtu wa kumi, inaanza kudaiwa 175,000 kwa mwezi ambazo mwezi uliopita hazikuwepo. Unapofikiria kuongeza mtu wa kumi, iweke kwenye bajeti yake.

WCF na SDL ni za mwajiri peke yake. Usithubutu kuzikata kwenye mshahara wa mtu. Nimeshaona slipu yenye mstari "WCF" upande wa makato. Ilibidi mwajiri arudishe fedha ya miezi yote.

Hatua ya 6: Makato mengine, usiwe mwepesi wa kukata

Glasi imevunjika, droo ya kaunta imepungua 40,000, pikipiki ya kampuni imegongwa. Hasira inakuambia ukate mwisho wa mwezi. Ngoja.

Sheria ya ajira inaruhusu makato ya hasara kwa masharti, na yote yatimie: hasara itokee kazini na iwe kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna ulivyokikokotoa, umpe nafasi ya kupinga, usidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Mikopo na madeni mengine aliyoyakubali mfanyakazi nayo yawe na karatasi yenye saini yake.

Kwa mazoea kuna wanaokata "faini ya kuchelewa" 5,000 kwa kila siku. Faini ya namna hiyo haina mguu wa kisheria. Mtu akichelewa, tumia taratibu za nidhamu: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kikao.

Hatua ya 7: Lipa, na utoe slipu

Mshahara ulipwe siku mliyokubaliana. Sheria inataja fedha taslimu, hundi au kuingiza benki, na malipo yaambatane na maelezo ya maandishi ya mshahara na makato. Hiyo ndiyo slipu ya mshahara. Iwe na jina, mwezi, mshahara wa msingi, kila posho, ovataimu na idadi ya saa, kila kato na jina lake, na kinachobaki.

Nakushauri benki, hata kama watu wako ni wawili. Fedha taslimu inahitaji saini kila mwezi, na siku ya mgogoro saini ndiyo kitu cha kwanza kukataliwa.

Hatua ya 8: Peleka makato

Hapa naomba unisikilize vizuri. Fedha uliyomkata mtu si mtaji wako wa mwezi ujao. Inapita tu mikononi mwako.

Kuna biashara niliyoitwa kuiwekea vitabu sawa, baada ya mambo kuharibika. Dada wa kaunta alikuwa amejifungua, akaenda NSSF kudai fao la uzazi. Slipu zake zote zilionyesha makato, kila mwezi, kwa miaka miwili. Kwenye akaunti yake ya uanachama michango iliishia mwezi wa nne. Mwajiri hakuwa mwizi kwa nia. Alikuwa ameitumia ile fedha kununulia bidhaa akisema atalipa biashara ikichangamka. Dada yule alikaa mbele yangu na mtoto mgongoni, slipu zimefungwa kwa mpira, akiniuliza: "Sasa hizi ni za nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo fungua akaunti ya pili, ndogo tu. Siku unayolipa mishahara, hamishia humo PAYE, NSSF zote mbili, WCF, SDL na HESLB. Usiiguse kwa kitu kingine.

Kalenda ya mwezi:

- Tarehe 7 ya mwezi unaofuata: PAYE na SDL. Ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, inawasilishwa kwenye mfumo wa mtandao wa TRA, na unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba.
- Tarehe 15: HESLB. Sheria inatoa siku 15 baada ya mwezi kuisha, na kuchelewa kuna adhabu ya 10%.
- NSSF na WCF: lipa siku ileile unayolipa TRA. NSSF inatoa mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha, lakini anayesubiri siku ya mwisho ndiye anayesahau.

Mimi huwawekea wateja wangu tarehe 5 kwa kila kitu. Mtandao ukisumbua tarehe 5, una siku mbili za kujitetea.

Mwezi ambao watu wako wote wako chini ya 270,000, PAYE ni sifuri. Wasilisha ritani hiyohiyo ya sifuri. Kimya kinaonekana kama kutowasilisha.

Hatua ya 9: Likizo na ugonjwa

Hazihitaji maneno mengi, lakini zinaingia kwenye malipo. Likizo ya mwaka ni siku 28 zinazofuatana, sikukuu zikihesabiwa ndani, kwa mshahara kamili. Ugonjwa, kwa cheti cha daktari, ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa mshahara. Tenga karatasi moja kwa kila mfanyakazi uandike siku alizochukua na zilizobaki, naye asaini kila akirudi.

Hatua ya 10: Anapoondoka

Malipo ya mwisho ndiyo yanayozaa kesi nyingi kuliko mshahara wa kila mwezi. Orodha yako iwe hii: mshahara wa siku alizofanya, likizo ambayo hajachukua, notisi au malipo badala ya notisi, kiinua mgongo kama anastahili, na cheti cha utumishi.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Katika mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Anayelipwa kwa siku au wiki, siku 4.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyefikisha miezi 12 na kuachishwa na mwajiri. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Mpishi wetu akiwa amekaa miaka mitatu: 585,000 ÷ 26 ni 22,500 kwa siku, mara 7 ni 157,500, mara 3 ni 472,500.

Kuna kitu ambacho waajiri hawakitarajii. Kama ulimwajiri mtu Bukoba ukamleta Mwanza, ajira ikiisha unadaiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi Bukoba, au kumlipa gharama hiyo. Na tangu siku ajira inapoisha hadi siku anasafirishwa, gharama zake za kujikimu kila siku ni zako. Mwajiri anayechelewesha nauli ya 60,000 anaweza kujikuta anadaiwa mamilioni ya kujikimu. Mlipe nauli siku ile ile, kwa risiti.

Rekodi zake usizichome akishaondoka. Zitunze miaka mitano.

Ukikwama

*Nimeajiri mwaka mzima bila kujisajili popote.* Jisajili wiki hii na uanze kulipa kwa mwezi huu, usisubiri uwe na fedha ya mwaka mzima. Kisha kokotoa madeni ya nyuma, nenda TRA na NSSF mwenyewe, uombe kulipa kwa awamu. Anayekwenda mwenyewe anazungumza tofauti na anayefuatwa na mkaguzi.

*Vibarua wangu hubadilika kila siku.* Andika jina na namba ya NIDA ya kila mmoja na siku alizofanya. Ukikuta majina yaleyale mwezi baada ya mwezi, hao ni waajiriwa wako hata kama unawaita vibarua.

*Mfanyakazi ana kazi nyingine ya mshahara.* Ngazi ya 270,000 isiyo na kodi anaitumia kwa mwajiri mkuu tu. Kama wewe ni wa pili, unakata 30% moja kwa moja. Muulize, na uandike jibu lake kwenye faili.

*Mfanyakazi anasema michango yake ya NSSF haionekani, na mimi nimelipa.* Angalia kwanza namba yake ya uanachama kwenye orodha uliyopeleka. Tarakimu moja ikikosewa fedha inaenda pasipo pake. Peleka NSSF risiti na orodha ya mwezi husika warekebishe. Mwambie mfanyakazi ukague naye kila baada ya miezi mitatu.

*Nimegundua nilimkata PAYE zaidi.* Rekebisha ritani za miezi hiyo, na umrudishie mfanyakazi tofauti yake kwenye mshahara unaofuata, ukiiandika kwenye slipu kwa mstari wake.

*Nimeitwa CMA.* Nenda, usipuuze wito. Usipofika uamuzi unaweza kutolewa bila wewe. Beba mkataba, daftari la mahudhurio, slipu na risiti za benki. Kagua pia tarehe: dai la kuachishwa kazi isivyo halali linapaswa kupelekwa ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Dai likiwa nje ya muda, lisemee mwanzoni kabisa, kabla hamjaingia kwenye kiini cha mgogoro.

*Viwango vimebadilika nami sikujua.* Sheria ya Fedha huanza kutumika kila 1 Julai. Weka alama kwenye kalenda: kabla ya mishahara ya Julai, fungua tovuti ya TRA, linganisha jedwali la PAYE na kiwango cha SDL na vile unavyotumia, kisha rudia mfano wa mpishi kwenye jedwali lako.